Doa Jeusi Mbele ya Hadubini

Mtu akikatwa doa la ngozi hospitalini na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu, aghalabu hudhani huko maabara kuna mashine inayosema ndiyo au hapana. Hakuna. Kuna daktari wa patholojia aliyeinamia hadubini, akitazama utando wa ngozi wenye unene wa mikromita 3 hadi 5. Itabidi upange tando 200 au zaidi ili kufikisha milimita 1. Uamuzi unatoka kwenye macho yake, uzoefu wake, na yale aliyoandikiwa kwenye fomu. Mara nyingi kazi hiyo ni ya dakika chache. Lakini yapo madoa yanayowasumbua hata mabingwa, kwa kuwa melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, inaweza kufanana sana na doa lisilo na madhara, na doa lisilo na madhara linaweza kufanana na melanoma.

Msomaji hahitaji kujua kusoma slaidi, kile kioo chenye utando huo. Anahitaji kujua jambo moja ambalo madaktari wa patholojia wanalijua vizuri na wagonjwa hawaambiwi: hadubini husoma kile tu ilicholetewa. Doa lililokatwa nusu, lililochomwa kabla ya kukatwa, lililotiwa kwenye spiriti au lililokuja na fomu tupu linaweza kumpoteza hata aliyesomea kazi hiyo miaka mingi. Na mengi ya hayo yamo mikononi mwa mgonjwa na tabibu wake.

Kwetu huanzia miguuni

Melanoma huwapata zaidi watu weupe, na nchi zinazoongoza duniani ni Australia na New Zealand. Kwa hao, jua ndilo mshtakiwa mkuu. Kwa Mwafrika mweusi ugonjwa huu ni nadra, lakini ukija huchagua mahali pengine: wayo, kisigino, kiganja, chini ya ukucha. Hapo jua halina kesi ya kujibu. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa na melanoma ya namna hiyo mwaka 1977, kwenye kidole gumba cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa na jeraha la mpira. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Huku kwetu wayo hautazamwi. Mtu anatembea nalo doa miezi, analiita sugu, analiita chunjua, anapaka dawa ya fangasi, na kama ana kisukari kidonda kinapewa jina la kisukari na kufungwa bandeji mpaka mtoki unavimba kinenani. Kwa hiyo madoa mengi ya mguu huifikia hadubini yakiwa yameshakuwa makubwa kiasi kwamba hayadanganyi mtu tena. Yanayodanganya ni yale yaliyowahiwa, na hayo ndiyo yanayotibika.

Ndugu zetu wenye ualbino nao watajwe hapa, maana habari zao huchanganywa na hizi. Saratani za ngozi zinazowaandama kwa sababu ya jua kwa kawaida ni za aina nyingine, zile zinazoanzia kwenye seli za kawaida za tabaka la juu la ngozi. Melanoma kwao ni nadra, na ikitokea inaweza isiwe na weusi wowote: uvimbe wa waridi tu. Kwa hiyo tabibu asisubiri rangi nyeusi ndipo aingiwe na shaka.

Anachokitafuta daktari kwenye kioo

Seli za rangi hukaa kwenye safu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, moja hapa, moja pale. Doa la kawaida linapotokea, seli hizo hujikusanya katika vishada, kisha baadhi hushuka kwenye tabaka la ndani. Daktari huanza na lenzi ndogo ili alione doa zima. Je, upande wa kushoto unafanana na wa kulia? Ukingo umeishia mahali panapoonekana, au unafifia tu, seli moja moja zikiendelea kutambaa pembeni? Halafu hushuka chini. Katika doa salama, kadiri seli zinavyoingia ndani ndivyo zinavyosinyaa: juu ni kubwa na zina rangi, chini ni ndogo, zimetawanyika na hazina rangi. Huko chini hutarajii kukuta seli inayogawanyika.

Melanoma huvunja utaratibu huo. Seli zake hupanda juu moja moja mpaka karibu na uso wa ngozi. Vishada vyake havilingani, huungana na kuwa tabaka. Zikishuka hazisinyai, seli ya chini kabisa ni kubwa na ina hasira kama ya juu, na viini vyake ni vikubwa, vyeusi, visivyofanana. Rangi inaweza kuonekana kwenye kina ambacho haikupaswa kufika. Na kule chini ndiko daktari hukaa na lenzi kubwa akitafuta seli iliyo katikati ya kugawanyika, kwa sababu moja tu ikipatikana kwenye kina, mizani huanza kuelemea upande mmoja.

Ingekuwa mambo yanaishia hapo, kazi ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba kila dalili niliyoitaja ina doa salama linaloweza kuwa nayo. Doa la wayo, kwa mfano, mara nyingi huwa na seli chache zinazopanda juu, na si kitu. Ndiyo maana daktari makini hahukumu kwa dalili moja; hupima zote kwa pamoja, tena akijua doa limetoka wapi mwilini na kwa mtu wa umri gani.

Kuna melanoma inayojificha kwa kujifanya doa la kawaida. Kwa lenzi ndogo ina usawa, ukingo unaoeleweka, hata ule mviringo wa doa la miaka mingi. Daktari mwenye foleni ya slaidi mezani anaweza kuipita. Kinachoifichua ni kushuka chini kwa subira: seli zimesongamana, hazijasinyaa, na kuna zinazogawanyika. Nyingine hujifanya kovu. Hii hutokea zaidi kichwani na shingoni kwa watu weupe waliopigwa jua miaka mingi. Seli zake ni nyembamba na ndefu, zimefumwa ndani ya nyuzi ngumu, hazina rangi, na huacha vikundi vya seli za kinga pembeni. Hata dawa za kutia seli rangi ili zitambulike hudanganywa nayo: Melan-A na HMB45, ambazo watu huzitegemea, mara nyingi hazishiki kabisa, ilhali S100 na SOX10 hushika. Aliyepima mbili za kwanza peke yake ataandika kovu na mgonjwa atarudi nyumbani akishukuru.

Na ile ya wayo, ikiwa changa, inaudhi kwa uchache wake. Unaweza kukuta seli chache tu zimepanga mstari chini ya tabaka la juu, hazina sura ya kutisha, ilhali kwa macho doa lina upana wa sentimita 3 na rangi tatu tofauti. Hapo slaidi na mguu havisemi lugha moja. Kanuni nzuri ni kuuamini mguu mpaka ithibitike vinginevyo: kata tena, mahali pengine, kwa kina zaidi.

Sophie Spitz na watoto 13

Upande wa pili una historia yake. Mwaka 1948 daktari wa patholojia wa Marekani, Sophie Spitz, alichapisha utafiti kuhusu watoto 13 wenye vivimbe ambavyo chini ya hadubini vilionekana kuwa melanoma: seli kubwa, viini vikubwa, mpangilio wa kutia hofu. Kwa mtu mzima, sura ile ilikuwa habari mbaya. Lakini karibu watoto wote walikuwa wazima. Mmoja tu ndiye aliyefariki kwa saratani iliyosambaa. Spitz aliviita melanoma za utotoni, huku akieleza waziwazi kwamba mwenendo wake ni mpole kuliko sura yake. Baadaye ilieleweka kwamba vingi havikuwa saratani kamwe, na leo doa la namna hiyo linaitwa kwa jina lake, doa la Spitz.

Yule mtoto mmoja ndiye aliyebaki kuwasumbua waliokuja baada yake. Ipo melanoma inayofanana na doa la Spitz, na mpaka kati ya viwili hivyo haujachorwa kwa wino. Umri husaidia: kivimbe cha waridi shavuni mwa mtoto wa miaka 6, kidogo na chenye usawa, kina nafasi kubwa ya kuwa salama, sura ileile kwenye mguu wa mtu wa miaka 55 hutazamwa kwa jicho jingine. Kwenye kioo, daktari hutafuta kama seli zinasinyaa chini, kama zile zinazogawanyika ziko juu tu, kama kuna vile vidonge vya waridi vilivyogandamana juu ya vishada ambavyo huonekana sana kwenye madoa ya Spitz. Bado kuna visa ambavyo wataalamu watatu wataviita majina matatu. Katika hali hiyo jibu la uaminifu ni kuandika kwamba hakuna uhakika na kushauri doa likatwe lote. Mgonjwa akipewa karatasi yenye maneno hayo asidhani amepata daktari dhaifu. Mimi ningemwogopa zaidi asiyewahi kuyaandika.

Kiasi cha kutokukubaliana huko kimepimwa. Mwaka 2017 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliowahusisha madaktari wa patholojia 187 kutoka majimbo 10 ya Marekani, waliosoma slaidi za visa 240. Kwa madoa ya kawaida kabisa, majibu yao yaliafikiana na ya jopo la mabingwa kwa asilimia 92. Kwa melanoma zilizokwisha kuingia ndani vya kutosha, asilimia 72. Kwa zile za katikati, yaani melanoma changa na madoa yenye shaka, uafikiano ulikuwa kati ya asilimia 25 na 43. Hao ni watu wenye vifaa vyote. Madoa mengi yanayokatwa ni ya kundi lile la kwanza, kwa hiyo mtu asikimbie hospitali kwa takwimu hizi. Azitumie kuomba jicho la pili pale anapoambiwa kwamba jibu lina utata.

Doa lililochomwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo sisi wenyewe tunapojiharibia. Doa likichomwa kwa asidi, kwa umeme, kwa leza ya saluni, au likakwanguliwa kwa wembe, seli zilizobaki chini huamka na kupanda tena ndani ya kovu. Baada ya wiki au miezi weusi hurudi, ukiwa umepinda na rangi yake haina mpangilio. Mgonjwa anashtuka, anakwenda hospitali, linakatwa. Chini ya hadubini seli zinapanda juu, vishada havilingani, ukingo umevurugika: melanoma ya kitabuni. Mwaka 1975 Rachel Kornberg na A. Bernard Ackerman wa Marekani waliipa hali hii jina la melanoma ya uongo. Kinachomwokoa mgonjwa asikatwe nyama nyingi bure ni sentensi moja kwenye fomu: doa hili liliwahi kuchomwa, mwezi fulani.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Lililochomwa likiwa ni melanoma ya kweli, ile sehemu ya juu ambayo ingeifichua imekwisha kuwa majivu, kina chake hakipimiki tena, na kilichobaki kinaendelea kazi yake chini kwa chini. Doa lenye rangi halichomwi kabla halijapimwa, hata kama ni la urembo tu.

Kinyama kikatwe na kusafirishwa vipi

Ipo hofu kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Kukata kinyama kwa ajili ya vipimo hakusambazi melanoma. Wanaofika na mitoki imevimba wamefikishwa hapo na miezi ya kungoja. Doa dogo lenye shaka likatwe lote kwa mara moja, pamoja na milimita 1 hadi 3 za ngozi safi kuzunguka, kwa kina kinachofika kwenye mafuta. Kukwangua juu juu kunamnyima daktari kile kina alichokuwa anakihitaji. Doa likiwa kubwa, kama lile la kisigino, sehemu iliyo nene au nyeusi zaidi ndiyo ichukuliwe, na fomu iseme wazi kwamba hiki ni kipande cha doa kubwa. Picha ya simu ikiambatanishwa, ni bora zaidi.

Kwenye wayo kuna jambo la mistari. Ngozi ya hapo ina matuta na mifereji midogo, na kwa kioo cha kukuzia cha daktari wa ngozi, doa salama aghalabu hufuata mifereji, ilhali melanoma hupaka matuta. Ili tofauti hiyo ionekane pia kwenye slaidi, kipande kinapaswa kukatwa kwa kupinga mistari. Kikikatwa kwa kuifuata, doa salama linaweza kuonekana limejaa na kuvurugika. Fundi wa maabara hawezi kujua kwamba alichopewa ni wayo kama hakuandikiwa.

Kipande kiingie mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa angalau mara kumi ya ujazo wake, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Maji, spiriti na dripu ya chumvi haviwezi kuchukua nafasi yake: seli huoza au hukakamaa, na viini vilivyoharibika husomeka vibaya. Jina la mgonjwa libandikwe kwenye mwili wa chombo. Vifuniko hubadilishana vikiwa wazi mezani. Fomu iwe na umri, mahali halisi mwilini, doa lina muda gani, limebadilika nini, limewahi kukatwa, kuchomwa au kupakwa dawa ya kienyeji, na kama ni mama, ana mimba au la. Mgonjwa anayo haki ya kumwuliza tabibu: umeandika hayo?

Maabara huweka kipande ndani ya nta, kinakuwa bloku, kisha hukikata kama boflo, na kinachoonekana kwenye slaidi za kwanza ni sehemu ndogo tu ya bloku. Daktari akiwa na shaka huomba zikatwe nyingine kwa kina zaidi. Huweza pia kuomba vipimo vya kutia seli rangi. HMB45 kwenye doa la kawaida hushika juu na kufifia chini. Ki-67 huonyesha seli zinazojiandaa kugawanyika. P16 hudumu kwenye madoa mengi salama na hupotea kwenye baadhi ya melanoma. PRAME hushika melanoma nyingi na kuacha madoa mengi salama. Kila moja kati ya hizo ina visa inavyokosea. Kwa ngozi zetu kuna adha ya ziada: rangi inayotumika sana kwenye vipimo hivi ni ya kahawia, na rangi ya ngozi yenyewe ni kahawia, hivyo macho huona kipimo kimeshika pale ambapo hakikushika. Maabara zinazojua hutumia rangi nyekundu, au huififisha kwanza ile ya ngozi. Kipimo cha jeni nacho si mwamuzi wa mwisho, maana badiliko la jeni ya BRAF linalosifika kwa melanoma limejaa pia kwenye madoa ya kawaida kabisa.

Ukishapewa karatasi

Jibu likiwa ni melanoma, tafuta namba moja kabla ya nyingine zote: unene kwa milimita. Kipimo hicho kilianzishwa na Alexander Breslow wa Marekani mwaka 1970, na hupimwa kuanzia juu ya ngozi hai mpaka kwenye seli ya saratani iliyo chini kabisa. Mipaka inayotumika ni milimita 1, 2 na 4. Chini ya 1, wengi hupona kwa upasuaji peke yake. Juu ya 4, hatari ya kusambaa ni kubwa. Unene huo pia ndio unaoamua upana wa ngozi safi itakayokatwa kuzunguka kwenye upasuaji wa pili: sentimita 1 kwa zile nyembamba, 2 kwa zile zinazozidi milimita 2. Karatasi iseme pia kama uso ulikuwa na kidonda na kama kingo zilikuwa safi. Ikikosa unene ilhali kipande chote kilikatwa, irudishwe maabara ikamilishwe.

Jibu likiwa ni doa salama lakini doa lenyewe lilikuwa linatoka damu, linakua au limerudi mahali palepale, usikubali karatasi ikushinde. Omba daktari aliyekukata azungumze na daktari aliyesoma. Bloku na slaidi hutunzwa maabara. Zinaweza kusomwa na mtu mwingine bila wewe kukatwa tena. Kwa Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam hupokea wagonjwa wa saratani waliopewa rufaa; daktari wako anaweza kukuelekeza huko.

Leo jioni, ukishaosha miguu, igeuze. Tazama nyayo, katikati ya vidole na kucha. Doa jipya linalokua, mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja, hasa ukimwagikia kwenye ngozi ya pembeni, au kidonda ambacho miezi 2 imepita hakijapona, lipeleke likakatwe kinyama, na kabla hujaondoka hapo hakikisha fomu imeandikwa yote.